Salamu za Redioni

Baba Yeny,

Hatujambo. Barakoa niliyokushonea unaivaa? Shule bado zimefungwa kwa korona, kwa hiyo Yeny na Wilber wanasomea jikoni kwa redio. Hesabu sizijui, basi tunajumlisha viazi.

Jana baada ya somo zikasomwa salamu. Kumbe uko Huancayo, si Lima ulikosema umekwama! Mwanamke wa huko anayeitwa Nélida anamshukuru mumewe, Eleuterio Huamaní wa kijiji chetu, kwa mtoto waliyempata.

Wilber akacheka, "Mama, jina kama la baba!"

"Nyamaza wewe," Yeny akamwambia. "Ni baba."

Leo mwalimu wa redio amewaambia wachore familia. Yeny kaniuliza, "Na baba nimchore?" Nimemwambia mchore tu, mwanangu, ila nje ya mlango.

Mama wa watoto wako wa huku,
Fortunata