Dadu Mbele ya Macho ya Wote

Jumamosi, 7 Juni
Nimefagia, nimechemsha chai, nimepanga viti vitatu. Ndipo nikakumbuka hakuna anayekuja. Halima amehamia Eldoret kikazi, kwa hivyo kuanzia leo tunacheza mtandaoni. Akinyi kwake Ziwani, mimi hapa Kariobangi. Mchezo ni ule ule: mimi nasimulia hatari, wao wanasema wahusika wao wanafanya nini, dadu inaamua. Ramani ya huku ni nzuri ajabu, hata mito inatiririka. Nimeichukia. Mezani nilikuwa nikirusha dadu nyuma ya boksi la sabuni, namba naiona mimi tu. Huku inazunguka mbele ya macho ya wote.
Tumeishia darajani. Jitu limemkabili Fundi Radi, mhusika wa Akinyi.

Jumanne, 10 Juni
Usingizi hakuna. Fundi Radi alikuwa mhusika wa Ouma, kakake Akinyi, aliyekuwa akichomelea mageti hapa kwenye karakana za jua kali. Alipofariki mwaka jana, Akinyi akamrithi mhusika. Humwigiza kwa sauti ya Ouma, matusi na yote. Na sheria aliiweka Ouma mwenyewe: mhusika akifa, harudi.
Nimemwokoa mara nyingi nyuma ya lile boksi, nikitaja namba ambayo dadu haikuonyesha. Sijuti.

Alhamisi, 12 Juni
Nimempigia Halima. Nilitaka tuiondoe sheria.
"Zii, haitoki. Hiyo ni sheria ya Ouma. Tukiitoa, itabaki nini yake?"
Amenikasirisha kwa sababu anasema kweli.

Ijumaa, 13 Juni
Natafuta njia ya kulifukuza jitu. Mafuriko. Daraja livunjike. Zote ni uongo mtupu, na Akinyi si mjinga. Nimeunguza maharagwe. Naogopa.

Jumamosi, 14 Juni
Akinyi hakukimbia. Nilimwachia njia wazi kabisa, akaikataa. Akasema kwa ile sauti ya Ouma, "Rusha, msee."
Dadu ikazunguka. Moja, namba mbaya kuliko zote.
Fundi Radi amekufa.
Kisha Akinyi akaanza kulia, yule ambaye hata kwenye mazishi ya Ouma hakutoa chozi. Hakuna aliyekata simu. Nilitaka kumshika mkono, sikuweza.

Jumapili, 15 Juni
Akinyi amekuja baada ya kanisa, macho yamevimba. Amekula sahani mbili. Amenisimulia habari za Ouma mwenyewe, si Fundi Radi: alivyokoroma, alivyoogopa paka. Tumecheka sana.
Kisha akasema anataka mhusika mpya. Msichana, wa kwake mwenyewe. Nikamuuliza jina.
"Bado. Wacha kwanza nimjue."
Amekaa mpaka jioni.