Kimya cha Bi Verna

Jumatatu, 13 Januari 2025
Siku nzima kabatini, nimebanwa na makoti ya mume wangu Dwight, nasomea maiki. Kitabu cha kusikiliza, hadithi fupi kumi na mbili, zote mpya: majoka, roboti, mji chini ya barafu. Leo zamu ya ile aliyoandika Bi Verna. Mama yuko Mirihi, anampigia binti yake aliye Duniani. Waligombana zamani. "Utanisamehe?" anauliza. Kisha anangoja, maana sauti huchukua muda kufika huku na jibu kurudi.

Hapo Bi Verna ameacha nusu ukurasa mweupe. Nikampigia, nifanyeje? Akasema nami ningoje. Dakika nzima. Nikangoja. Machozi yakanitoka mle gizani—na mimi si mtu wa kulia!

Nilizima friji isivume, nikasahau kuiwasha. Wenzangu wa kazi hii huacha funguo za gari ndani ya friji, wasiweze kutoka bila kuikumbuka. Mimi nilijifanya mjanja. Samaki wote wa Dwight wameyeyuka. Tumekula samaki mpaka tumekinai.

Jumanne, 14 Januari
Trent kapiga kutoka New York. Ndiye mtayarishaji wa kitabu. Anataka kimya kile kikatwe. Eti msikilizaji atadhani simu yake imekufa.

"Dada yangu, watu wako barabarani, wako jikoni. Siku hizi hakuna anayengoja. Sekunde mbili, tusonge mbele."

Nikamwambia tangu Mirihi hadi hapa Duluth si sekunde mbili. Akacheka! Mwisho Ijumaa. Nisipokata, kitabu kizima anampa msomaji mwingine. Miezi sita nimekisubiri kitabu hiki.

Jumatano, 15 Januari
Dwight anasema nikate tu, nani atajua?

"Mimi nitajua!"

Akainua mikono, akatoka kuzoa theluji kwa koleo lake.

Nilimweleza Bi Verna. Ana miaka sabini na kitu, na hii ndiyo hadithi yake ya kwanza kukubaliwa. Nilidhani ataniomba nilegeze. Wapi! Kama ni kukata, kasema, nikate na jina lake. Halafu akataja kwamba ana binti, anaishi mji wa Tulsa. Hawajaongea siku nyingi. Sikuuliza zaidi.

Alhamisi, 16 Januari
Trent amekikata mwenyewe, kanitumia nisikilize. "Utanisamehe?"—na papo hapo binti anajibu, kama wanaulizana bei ya viazi. Nimekasirika! Na mkato wenyewe unasikika, umeruka vibaya. Kwa hiyo ananihitaji! Anataka nisome upya ukurasa wa mwisho, safari hii bila kungoja.

Haya. Nitausoma upya.

Ijumaa, 17 Januari
Friji nimezima, funguo zimo ndani. Nimesoma ukurasa wa mwisho vizuri kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Nimengoja dakika nzima, na kidogo zaidi, kwa ukaidi tu. Nimemtumia Trent.

Hata chai sijamaliza, simu hiyo! Nimeiweka mezani, sauti juu.

"Marlys! Umenitumia kilekile! Tena kimerefuka! Sasa niambie, unakata au hukati?"

Nilikuwa na maneno tele. Nikayameza. Nikachukua kalamu.

"Haloo?"

Naandika.

"Haloo? Dada, uko hapo?"

Gari la kusukuma theluji limepita nje, limekwenda zake. Dwight amesimama mlangoni, kinywa wazi. Nimeweka kidole mdomoni, kumwashiria anyamaze.

"Marlys... umekasirika? Sema basi."

Sasa naye kanyamaza. Nasikia anavyopumua, nasikia kiti chake. Dakika imepita, nadhani. Ya pili inakwenda.

Bado hajakata simu.