Shangazi Aliyetumwa Kumtoa Biira

Kasese,
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Kosiya,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Esperance na wote wa hapo nyumbani Bwera. Goti lako linaendeleaje? Na kikohozi cha wifi kimekwisha, au bado anachemsha majani na kukataa kwenda zahanati? Mimi ni mzima. Nimekula, nimesali, na leo moyo wangu ni mwepesi kama sijui nini. Sababu utaiona ukisoma mpaka chini, kwa hiyo usirukie mwisho kama ulivyozoea.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kaka, wewe kwenye simu husikilizi. Mtu akisema neno moja, wewe umeshasema kumi. Barua haikatizwi. Nimempa Philippe, mfanyabiashara mmoja wa samaki kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akuletee mkononi akielekea mpakani Mpondwe. Mpe chai, habari zake zimo humu ndani.

Ulinituma kwa jambo moja. Mwanao Biira aliacha nafasi ya kusomea ualimu uliyomtafutia, akaenda kujifunza ufundi wa friji kwenye kituo kimoja hapa Kasese. Wewe ukasema msichana hawezi kushinda na wavulana akichomelea mabomba. Ulipoona maneno yako hayamwingii, ukaita ukoo kule Nyakiyumbu na kutangaza mbele ya wazee kwamba binti ni wa shangazi yake, na neno la Medius ndilo litakuwa la mwisho. Mimi nikatikisa kichwa kukubali, na wazee wakanywa pombe yako. Tafadhali usilisahau hilo neno lako, maana nitalirudia.

Basi nilifika huku nimebeba hasira zako zote. Sikutaka hata kukaa. Nilimwambia Biira afunge mzigo, kesho yake tunaondoka. Alilia, lakini akafunga. Kaka, mmemlea vizuri, na hilo ndilo lililonichoma. Angenitukana ningepata nguvu. Aliniomba kitu kimoja tu, kwamba kabla ya kupanda gari nipite kwanza karakana nione anachokifanya.

Mlangoni nilimkuta mwalimu wao, Afande Benon, mzee mmoja aliyestaafu jeshi. Kabla sijamaliza salamu alinitazama miguuni, akasema, "Mama, hapana ingia na kandambili. Vaa buti hii. Upesi." Nilivaa. Hata wewe na ukali wako wote ungevaa.

Ndani nilimkuta Biira amepiga magoti nyuma ya friji ya zahanati moja, ile ya kuhifadhia chanjo za watoto. Wavulana walikuwa wamesimama wakimngoja yeye. Alinieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mgeni, kwamba gesi ikivuja baridi nayo inaondoka, na kwamba ukipaka povu la sabuni kwenye kiungo cha bomba, pakivuja utaona mapovu yanavimba. Akapaka. Wote tukainama kutazama. Hakuna povu lililovimba, na wavulana wakampigia makofi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwanao ameinama kweli, kaka, na magoti ya suruali yake ni meusi kwa oili.

Philippe naye alikuwepo, amefuata friza yake. Aliniambia jinsi ilivyomfia ikiwa imejaa samaki, akamngoja fundi kutoka Mbarara mpaka soko zima likajua kwa harufu. "Mama, samaki yangu yote ilioza," alisema. "Huku fundi hapana. Huyu mutoto akimaliza masomo asiende mbali, kazi iko mingi sana." Mwenye duka la dawa aliyekuwa nyuma yake akasema yeye ameshamwahidi Biira kazi, asije mtu wa ng'ambo ya mpaka akamwahi.

Hapo nikamkumbuka Night, binti wa jirani yako. Alisomea ualimu, akafaulu, na hadi leo anauza ndizi pale barabarani Bwera akingoja kupangiwa shule. Simdharau mwalimu, ndiye aliyenifundisha kuandika haya. Lakini ni lini uliona watu wanapanga foleni kumngoja mwalimu amalize chuo? Na fundi wa friji je? Hapo kwako penyewe friji imegeuka kabati la vikombe tangu ilipokufa, kwa sababu wa kuitengeneza haonekani.

Nilimuuliza pia lile swali lako la ndoa, kwamba nani atamwoa msichana fundi. Akasema mwanamume anayeogopa spana atamwogopa na yeye, basi afadhali waachane mapema. Nilicheka. Najua hukunituma kucheka.

Kwa hiyo sikiliza neno langu: Biira anabaki. Amefungua mzigo, amelia tena, safari hii kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Ukitaka kukataa, itabidi uite ukoo tena Nyakiyumbu ukawaambie wazee kwamba ulichosema mbele yao kilikuwa mzaha. Pombe utanunua wewe.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa.

Kila unaponipigia simu kuuliza habari za chumvi yangu ya Katwe, nakujibu kwamba kazi inaendelea. Haiendelei. Mvua zilijaza lile ziwa la chumvi, na kiwanja changu cha kuvunia kimefunikwa na maji hata mipaka yake haionekani. Sikutaka kukuambia kwa sababu siku zote ulisema chumvi itanitupa, na sikuwa na nguvu ya kukusikia ukisema uliniambia. Niliogopa, kaka. Ulinituma niamue maisha ya mtoto, na yangu mwenyewe sikujua niyaelekeze wapi.

Siku ile karakana, Afande Benon hakupenda kuniona nimesimama bure. Alinitupia kitambaa chenye povu, akaniamuru nijaribu kiungo cha pili. Povu likavimba. Akanipa spana. Nikakaza, nikapaka tena, likavimba kidogo, nikakaza tena mpaka likatulia kabisa. Kaka, sijui nikuelezeje furaha niliyoisikia mikononi. Afande akachungulia, akasema, "Mkono iko sawa. Darasa ya jioni iko na nafasi." Nikadhani ananitania, lakini yule mzee hajui utani. Nikamwonyesha mvi zangu. Akasema friji haiangalii mvi.

Nimejiandikisha. Mchana nitawapikia wanafunzi chakula, ndiyo karo yangu, na jioni nitavaa buti. Nimepata usingizi ambao sikuwa nao tangu maji yafunike chumvi. Usiku Biira ananirudisha nyuma kwenye masomo aliyoyapita, na nikikosea ananifokea kama wewe. Ulitaka mwanao awe mwalimu, basi ameshakuwa, na mwanafunzi wake wa kwanza ni mimi dada yako.

Nisalimie watoto wote, na majirani, na Night mwambie kituo hiki bado kina nafasi. Krismasi tutakuja sote wawili. Mwambie wifi aanze kutafuta mahali pengine pa kuweka vikombe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Medius