Hongera kwa Mumeo, Tjitske

Jumatano, 4 Machi

Ni saratani. Utumbo mpana, upande wa kushoto. Daktari aliyempima utumbo kwa kamera, binti wa umri wa Jildou wetu, hakuzungusha maneno. Mume wangu Harmen akamwuliza kama kesho anaweza kuendesha lori. Lori la maziwa! Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia papo hapo.

Na kile kichupa cha kupimia choo, ambacho serikali huwatumia watu wa umri wetu kwa posta, alikijaza kwa sababu tu nilimsumbua wiki tatu nzima.

Niliendesha mimi, yeye bado ana usingizi wa dawa. Akasema asijue mtu. Si binti yetu, si mama yake, si mdogo wake Wiebren. Mpaka Jumanne, tujue kama imefika kwenye ini. Na sherehe ya Jumapili? Iko palepale, mtu hatimizi sitini mara mbili. Nikaahidi. Kwa nini niliahidi?

Alhamisi, 5 Machi

Amekwenda kazini. Jildou alipiga simu, baba anataka zawadi gani? Nikasema soksi. Nilipokata nililia mpaka pasi ikaunguza kola.

Ijumaa, 6 Machi

Skani. Dakika ishirini. Nimechoka kuvaa uso wa kawaida.

Jumapili, 8 Machi

Viti kumi na nane, duara sebuleni, magoti karibu yagusane. Ukishakaa umekaa — kutoka mpaka majirani wawili wanyanyuke. Kila aliyeingia alitushika mkono sote kwa zamu, ndiyo desturi yetu, ndugu wote hupongezwa. Hongera, Harmen! Hongera kwa mumeo, Tjitske! Hongera kwa mwanao, mama! Hongera kwa kaka yako, Wiebren! Nimepongezwa mara kumi na sita kwa huyu mume. Nimesema asante mara kumi na sita. Keki yake Harmen aliipitisha kwa mama yake kimyakimya.

Kisha Wiebren, kwa sauti ya mnadani: "Jamani, serikali imeniletea tena kichupa cha mavi! Mara ya pili! Nimekitupa. Wakiyataka sana, waje na ndoo!"

Duara zima likaangua kicheko. Harmen alicheka kuliko wote. Nilimkazia macho, hakuniangalia.

Wiebren akanifuata jikoni na sahani. "Shemeji, wewe ulifanya kazi mapokezi kwa daktari. Bawasiri huisha baada ya muda gani?"

Nikamwuliza: tangu lini? Tangu Krismasi. Damu? Kidogo. Kila siku? Akacheka. "Usimwambie mke wangu, Aukje atanikokota hospitali kwa masikio." Wala Harmen, ataleta fujo. Nikamwambia kesho asubuhi aende kwa daktari. "Ndiyo, bosi." Akachomoa kipande cha soseji, akarudi kwenye kiti chake.

Hataenda. Nawajua hawa wana wa mama mmoja. Nilirudi nikakaa katikati yao, kila mmoja na siri yake, zote mbili ziko kwangu.

Jumatatu, 9 Machi

Nilimwambia Harmen habari za Wiebren wakati wa chai. Aliweka kisu chini. Akasema nisubiri kesho, mama hawezi kubebeshwa wagonjwa wawili kwa mara moja. Nikapiga kelele. Miezi miwili na nusu anatoka damu!

"Siku moja tu, mke wangu. Uliniahidi."

Nilishika simu mara mbili, nikairudisha. Najichukia. Naye namchukia kidogo, na nimemkatia machungwa.

Jumanne, 10 Machi

Ini safi! Safi! Upasuaji tarehe ishirini na nne. Nilimbana mkono mpaka akaguna.

Kisha daktari akauliza habari za ukoo. Ana ndugu? "Mmoja," alisema Harmen. "Mzima kabisa."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema huyo mzima anatoka damu tangu Krismasi. Daktari akaacha kuandika. Akataka huyo ndugu aonwe wiki hii hii.

Tulirudi nyumbani. Jikoni, hata koti hajavua, Harmen akanisukumia simu. "Mpigie wewe. Mimi siwezi."

Yeye! Siku sita amenifunga mdomo, leo anauhitaji.

Nilipiga, spika wazi.

"Shemeji! Keki imebaki?"

Nikasema: Harmen ana saratani ya utumbo.

Nilingoja aulize kaka yake anaendeleaje. Akauliza ilianzaje.

Harmen akavuta kiti, akainamia simu. "Damu, mdogo wangu," alisema. "Kidogo tu."

Tulisikia Wiebren akipumua. Kisha, kwa sauti ya chini: "Ngojeni. Nifunge mlango kwanza, Aukje yuko ngazini."

Dakika ya nne hii tunamngoja. Simu iko wazi mezani. Mlango tuliusikia ukifungwa. Naandika huku nikisikiliza. Harmen anaita jina la mdogo wake, polepole, mara ya pili sasa.