Tumehamia Kimihurura kwa Spès

Kimihurura,
Kigali, Rwanda.
Jumapili, 11 Desemba 1994.

Mpendwa Mjomba Songoro,

Assalaam alaykum warahmatullah. Barua hii inakujia mkononi mwa dereva wa lori anayeshuka Kigoma, kwa kuwa posta yetu bado inajikongoja. Mpe chai, ni mtu mwema. Vipi hali yako? Mguu ule uliokuwa ukikusumbua umepoa? Na mkaza mjomba Bi. Tausi, mikono yake bado ina nguvu za kukaanga samaki wa mgebuka mpaka majirani wakose raha? Nimeikumbuka Ujiji mwaka huu kuliko miaka yote.

Sisi tu wazima. Najua neno hilo, likitoka Rwanda mwaka huu, mtu halisadiki upesi. Basi nikutajie: mimi ni mzima, mume wangu Usumani ni mzima, na watoto wote watatu wa tumbo langu wako hapa uani wakipiga kelele ninapoandika. Wengi uliowajua Biryogo hawapo tena. Nitakutajia majina tukionana, kwa maana mengine hayaandikiki.

Ukitazama juu utaona nimeandika Kimihurura, si Biryogo. Sikukosea. Ndiko tunakokaa tangu Septemba. Mjomba, ulipokuja kututembelea ulipita huku kwenye gari, ukauliza kama watu wa huku nao hupiga chafya kama sisi. Hupiga! Barabara ni pana, mijakaranda imepandwa pande zote mbili, na ikidondosha maua unatembea juu ya zambarau tupu. Nyumba yetu ina baraza ya vigae, bustani ya majani, waridi ukutani, na parachichi kubwa nyuma ya jiko. Kimya chake ndicho kilichonishinda mwanzoni. Biryogo nilizoea kusikia jirani akigeuza chapati; huku nilisikia ndege tu, nikadhani nimepata uziwi.

Kila asubuhi Usumani anashuka Kimicanga bondeni, anapanda ng'ambo mpaka mjini, kisha anakwenda kwenye duka lake la ushonaji Biryogo. Anatembea, maana basi dogo likipatikana ni bahati. Jioni anarudi amechoka, lakini hataki kulihamisha duka. Anasema fundi hawakimbii wateja wake kwa sababu amepata bustani. Mimi cherehani yangu iko hapa barazani, na wanawake wa kilima hiki wananiletea nguo kwa wingi. Sare za shule ndizo zinazonimaliza, maana shule zimefunguliwa na kila mtoto amekua.

Sasa nikueleze tulivyofika huku, kwa sababu jambo hili linakuhusu wewe mwenyewe, ingawa hukujua.

Nyumba hii ni ya Spès, karani wa benki, mteja wangu wa miaka mingi. Mumewe alikuwa Nsengiyumva, mhandisi wa barabara. Jumatano ile ya Aprili alikuja dukani na binti yake Gaju kupima gauni la komunyo ya kwanza. Mvua ikawazuia, giza likaingia, nikamwambia walale kwetu. Usiku ule mauaji yakaanza, na kulipopambazuka hakuna aliyeweza kutoka. Mumewe na mwanawe wa kiume walikuwa huku Kimihurura. Yeye alikuwa jikoni kwangu, simu haipatikani, amekaa juu ya gunia la mkaa.

Baada ya siku chache walikuja wenye mapanga kupekua nyumba za mtaa wetu, wakisaka watu wa kuua kwa kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho. Nilikuwa nimeshamvika Spès kanga na ushungi. Gaju nilimchanganya na watoto wangu, wote wakimenya njegere kwenye sinia moja. Mmoja wa wale watu akamtazama Spès sana, akauliza ni nani.

Usumani hakuinuka pale kwenye cherehani. Alisema, "Huyo ni shemeji yangu. Ni binti Songoro wa Ujiji."

"Kitambulisho chake?"

"Mtanzania atatoa wapi kitambulisho cha hapa?"

Yule mtu akamsogelea Spès, akamwamkia kwa Kiswahili. Mjomba, Spès Kiswahili chake ni cha sokoni, tena neno likiwa na l yeye anatia r. Angefungua kinywa tu, tungekwisha sote. Nikaruka katikati, nikamwambia yule mtu, "Muogope Mungu! Huyu yuko katika eda. Mumewe amekufa, hazungumzi na wanaume."

Akarudi nyuma. Walikuwa wamekulia miongoni mwetu, eda wanaijua. Wakachukua redio na jozi mbili za viatu, wakaondoka.

Eda hiyo ndiyo iliyotulinda mpaka mji ulipotulia mwezi wa Julai. Wakirudi, mimi nasema eda, naye anainamisha kichwa. Julai hiyo ndipo tulipokuja kupata habari kwamba Nsengiyumva na mtoto waliuawa wiki ile ile ya kwanza. Nilikuwa nikidhani nasema uongo wa kuokoa roho, kumbe kila nilipotamka nilikuwa nikisema kweli, naye mwenyewe hajui. Siku alipoambiwa alinishika mikono.

Kwa hiyo, Mjomba, umepata binti wa pili bila kuambiwa. Tunakuomba radhi kwa kulitumia jina lako pasipo ruhusa. Na akitokea mtu akakuuliza kama una binti Kigali, nakusihi usikatae.

Mwezi wa Agosti Spès alitaka kuiona nyumba yake. Nilimsindikiza, Gaju katikati yetu. Langoni alitutokea mwanamke mrefu, amesuka nywele vizuri, mtoto mgongoni. Anaitwa Kellen. Yeye na mumewe Rugamba wamerudi kutoka Uganda, walikozaliwa katika ukimbizi. Waliikuta nyumba wazi, wakaingia, kama wengi walivyoingia mwaka huu.

Spès alikuwa amevaa kanga yangu iliyochakaa. Kellen akamtazama, akasema kwa Kinyarwanda cha upole, "Mama, pole, hapa kazi ya kufua hakuna."

"Sikuja kutafuta kazi," Spès akamjibu. "Nimekuja kwangu."

Kellen uso ukambadilika. "Hata sisi tumerudi kwetu. Baba yangu alikimbia nchi hii na mkeka mmoja. Kila mtu siku hizi anasema nyumba hii ni yake. Nitajuaje?"

Spès hakuwa na karatasi wala ufunguo. Mimi nilikuwa nikitafuta maneno ya ukali, na unajua huwa hayanikawii. Lakini Gaju alikwisha kupenya langoni. Alikwenda moja kwa moja jikoni, sisi nyuma yake. Kulikuwa na mlango mdogo wa stoo, na alama za patasi zimejaa pembeni ya kitasa. Rugamba alikuwa amejaribu kuufungua akashindwa. Gaju akaupiga teke pale chini kwenye pembe, akauinua kidogo kwa kitasa, ukafunguka. Ndani mlikuwa na debe la maharagwe yaliyoliwa na wadudu, baiskeli ya mtoto wa kiume, na makoti ya mvua ya baba yametundikwa.

Gaju akaishika ile baiskeli, akauliza, "Mama, kwa nini kaka hakuipanda akatufuata Biryogo?"

Kellen aliketi sakafuni pale pale, mtoto wake mgongoni, akalia kuliko sisi.

Usidhani mambo yalikwisha hapo. Rugamba aliporudi alisema kwa ukali kwamba wangojee wakuu wa serikali waamue, kwamba yeye ameipigania nchi hii na ndugu zake wawili wamefia vichakani. Sikumlaumu. Mtu aliyezaliwa kwenye turubai, ukimpa vigae juu ya kichwa, vinamwingia moyoni. Mkewe ndiye aliyemjibu. Alisimama mbele yetu sote akamwambia, "Rugamba, wewe si uliniambia mama yako alikufa kambini Nakivale akiitaja nyumba yake ya Gitarama mpaka pumzi ya mwisho? Na aliyeichukua nyumba hiyo naye alikuwa na sababu zake. Mimi siwezi kupika katika jiko la huyu mama tena."

Rugamba akatoka nje, akasimama bustanini akiwa ametupa mgongo. Aliporudi ndani alimpa Spès mkono, akasema neno moja tu la Kinyarwanda, "Mwihangane," yaani poleni. Kabla ya wiki kwisha walihamia Kicukiro, karibu na kiwanda cha Sonatubes, nyumba ndogo isiyo na maua. Kellen aliiacha hii imepigwa deki hadi baraza. Siku hizi anakuja kushonewa kwangu, na Spès ndiye anayempokea. Wanakaa barazani, wanakunywa chai tu. Mjomba, nimeona makuu na mabaya mwaka huu. Hilo nalo nimeliona, nami nalihesabu katika makuu.

Ikabaki shida nyingine. Nyumba imerudi, lakini Spès hakuweza kulala ndani yake. Aliomba tuhamie wote. Usumani akakataa katakata. Alisema alichokifanya alikifanya kwa ajili ya Mungu, na mtu hachukui ujira wa jambo la Mungu. Tena maneno yalikwisha kuanza mtaani, unawajua watu wa Biryogo: kwamba fundi Usumani amejua kuchagua wa kumficha, kwamba wema wake una vigae na bustani. Hayo yalimchoma. Nilijaribu kumbembeleza usiku na mchana, nikashindwa, na wewe unanijua si mtu wa kushindwa upesi.

Basi Ijumaa moja baada ya sala, duka limejaa wateja, Spès akaingia. Hakuamkia mtu. Akavuta kiti, akakaa mbele ya cherehani ya Usumani, akasema kwa Kiswahili chake kile kile, mbele ya watu wote:

"Shemeji, wakati wa mapanga urisema mimi ni ndugu yako. Reo mapanga hakuna. Mbona unanikataa?"

Usumani alikuwa anakanyaga mashine, mguu ukasimama. Alimtazama, akatazama wale wateja mmoja mmoja, na miongoni mwao walikuwamo waliosema yale maneno. Kisha akaondoa kipande alichokuwa akikishona, akakikunja vizuri, akaniita.

"Mukasine, funga mizigo. Binti Songoro hawezi kukaa peke yake."

Ndivyo tulivyohamia. Mzungu mmoja wa shirika la misaada alikuja kutaka kuikodi nyumba yote, Spès akamwambia nyumba ina wenyewe, tena wengi. Mwezi wa Oktoba miili ya Nsengiyumva na mtoto ilipatikana, tukaizika kwa heshima. Padri alisoma sala zake, na baada yake Usumani na wazee wa msikiti wakasimama pembeni wakainua mikono kuomba. Hakuna aliyeona ajabu.

Hapa mlimani walitutazama kwanza kwa macho ya pembeni. Mwanamke mwenye kanga kiunoni, cherehani barazani, nguo za wateja zimeanikwa kwenye waridi! Siku ya kwanza mlinzi wa jirani aliniuliza bibi wa nyumba yuko wapi. Nikamwambia wako wawili, achague. Sasa hivi wenye magari ndio wanaoniamkia kwanza.

Habari niliyoitaka hasa uipate ni ya juma hili. Jumatatu Spès alirudi kazini. Benki inajikusanya upya, nao walituma mtu kumwita. Nilimshonea gauni la kijani lenye mikono mirefu, limemkaa kama alizaliwa nalo. Alilivaa asubuhi, akanywa chai, akasimama sebuleni, na miguu ikakataa. Barabara hii ndiyo mumewe aliyokuwa akimshusha nayo kwa gari kila siku. Alisema, "Mukasine, siwezi kuipita peke yangu." Mimi machozi yalikuwa karibu, nikajifanya natafuta sindano.

Usumani alikuwa amekwisha kuvaa kofia, yuko langoni na mfuko wake wa mikasi. Hakumhimiza. Alingoja, jua likapanda, na duka lake bila shaka limeshaanza kuulizwa. Kisha akasema, "Shemeji, mimi nashuka mjini kila siku. Njia naijua, na wewe unaijua. Twende, utaniambia majumba haya ni ya nani."

Spès akatoka. Nilifungua lango lote, mbawa zote mbili, kama gari linapita. Wakashika njia chini ya mijakaranda, fundi wa Biryogo na karani wa benki, mmoja anaonyesha nyumba kwa kidole, mwingine anaitikia kwa kichwa. Nilisimama pale nikifunga kanga vizuri. Jirani yetu mama Winifred, mke wa daktari, alikuwa akimwagilia maua yake ng'ambo ya ua. Akaniuliza, "Mama, hao wanakwenda wapi pamoja hivi?"

Nikamjibu kwa sauti, ili kilima chote kisikie: "Wanakwenda kazini!"

Nisalimie mkaza mjomba Bi. Tausi, wapwa wenzangu wote, na majirani wa karibu na msikiti wanaonikumbuka. Usumani anakupa mkono. Spès na Gaju wanakushika miguu kama watoto wako. Ukijaliwa, njoo Ramadhani utufuturishie hadithi zako. Chumba kipo, na dirisha lake linatazama mjini.

Mungu akuzidishie umri wenye afya, na mlango wako usikose mgeni wa heri.

Ni mimi mpwa wako akupendaye na kukujivunia,

Mukasine Zaituni