Herufi Hazitupwi

Jumapili, 5 Oktoba

Wiki imeanza kama zilivyoanza nyingine. Foleni ya magari ya Abu Hamour, mtaa ninaokaa kwenye nchi hii ya Waarabu, chai ya maziwa kwenye mkahawa wa chini, lifti, meza yangu. Natafuta habari, nazihakiki, naandika maneno yanayopita chini ya video. Video fupi za Kiarabu, za vijana, za kutazama kwenye simu. Dakika moja, dakika na nusu, basi.

Mwezi wa tatu huu na mie bado nashangaa. Kiarabu! Kwetu Unguja Kiarabu ni cha msikitini, cha hitima, cha maulidi, cha chuoni kwa baba, anaposomesha watoto Kurani. Unakifungua ukiwa na udhu. Hapa watoto wa watu wamevaa raba na fulana, wanacheka kwa Kiarabu, wanagombania chaja kwa Kiarabu. Leo Yusuf, yule Msudani anayekata video zetu, kamwambia mwenzake neno la matusi ambalo sikujua kama lugha hii inalo. Nikaivutia astaghfirullah lugha yenyewe.

Halafu Lamis kaniita. Ndiye mhariri wetu, Mlebanoni, mfupi, mdomo haukosi mbegu za maboga. Kasema Alhamisi ya wiki ijayo majaribio yangu yanakwisha. Kabla ya hapo nitoe video moja kwa sauti yangu. Ikifaa, mkataba. Isipofaa, tiketi ya Zanzibar. Hakuzunguka.

Nataka kubaki. Naandika hivyo hivyo, bila kuona haya. Nataka kubaki hapa kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Aibu ya mwaka.

Nimeingia chumba cha sauti. Habari yenyewe: vijana wanaocheza mpira wa kikapu kwenye viti vya magurudumu. Nikashika karatasi, nikavuta pumzi, nikasoma mpaka mwisho. Yusuf upande wa pili wa kioo, mdomo wazi. Kisha akasema "Amin," na wote wakaangua kicheko.

Nimesoma kama baba alivyonifundisha. Penye kuvutwa nimevuta. Penye kupitishwa puani nimepitisha puani. Mpira wa kikapu, wallahi, nimeusoma kwa tajwidi, kama Kurani.

Lamis hakucheka. Kasema sauti ni nzuri mno, ila inamfanya kijana avue viatu, na yeye anataka kijana abaki alipo. Nizungumze kama namhadithia binti ami yangu. Mchana sikula.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimerudia mara mbili. Vibaya zaidi. Nikiacha kuvuta, nasoma kama tangazo la uwanja wa ndege.

Binti ami yangu ni Asha, ninayekaa naye, wa mapokezi kwenye hoteli moja West Bay. Asha na mie tunasengenya kwa Kiswahili na kununiana kwa Kiswahili. Hicho Kiarabu cha kumhadithia nitakitoa wapi?

Na mapipa ya taka ya ofisini yananitesa. Lamis hataki mtu wa sauti asome kwenye simu, anataka karatasi yenye herufi kubwa, na kila ikirekebishwa inachapwa upya. Ikifika alasiri mapipa yamejaa. Maganda ya ndizi, mifupa ya kuku, na herufi. Abdallah wa kwenye habari ya soko, Abdulrahman wa kwenye habari ya mafuriko. Jina la Mwenyezi Mungu limo ndani ya majina ya watu, na juu yake mfupa wa kuku uliotafunwa.

Naziokota. Tangu wiki ya kwanza. Nafuta mafuta, nakunja, natia mkobani, naondoka nazo. Kwetu mtu hakanyagi karatasi yenye herufi hizi, hata iwe ya bei ya sabuni. Baba huzikusanya, huzichoma kwenye chungu kikuukuu, jivu likamwagwa pasipopita miguu. Hapa hakuna anayeniona. Au wananiona wakadhani ni mtu wa usafi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Gunia la karatasi zangu chini ya kitanda limejaa. Baada ya kifungua kinywa nikasema leo nichome kidogo, jikoni, kwenye sufuria. Lo! King'ora cha moshi kimelia, jengo zima limeshuka chini, mama wa Kihindi wa ghorofa ya juu kashika sufuria yake ya wali kama mtoto. Asha kanisema mpaka mate yamemkauka. "Zuhura, utatufukuzisha nyumba kwa takataka za watu!" Si takataka, nikamjibu. Tumenuniana mpaka magharibi.

Baba kaleta ujumbe wa sauti. Anauliza huko nasoma nini. Nikamwambia nasoma habari. Kafurahi. "Soma vizuri mwanangu, usile herufi hata moja." Masikini baba. Hajui kwamba kosa langu hapa ndilo hilo, sili hata moja.

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi limetoka agizo. Kuna habari kubwa ya uchunguzi inatayarishwa, kwa hiyo karatasi ya habari isitoke nje ya jengo kabla habari yenyewe haijatoka hewani. Nimeitikia pamoja na wenzangu.

Mchana nimesimama nyuma ya kiti cha Yusuf, kama mtoto kwenye dirisha la duka la peremende. Msichana mmoja kwenye mji unaopigwa mabomu katuma kipande cha video. Anamfundisha mdogo wake kusoma, ukuta nyuma yao umebomoka. Yusuf kakata, Lamis kaandika mistari, kijana wa sauti kasoma. Kabla ya chai yetu kupoa, imo mikononi mwa vijana kuanzia Nuakshoti mpaka Maskati, na wanamjibu. Wanamwita dada. Nimesisimka mwili mzima. Sijawahi kuona neno likisafiri hivyo, na ni herufi zile zile baba alizonishikia kidole, alifu, be, te.

Kisha zamu yangu kwenye chumba cha sauti. Vibaya. Lamis katazama saa yake, karudi mezani kwake. Afadhali angenisema.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekamatwa.

Mlangoni yupo Brayo, Mkenya, mlinzi tunayetaniana naye kila jioni kuhusu nani anajua Kiswahili. Leo kafungua mikoba ya watu wote. Kafungua wangu. Karatasi zikamwagika. Mbili kati yake za ile habari ya uchunguzi.

"Siste, mi sina noma na wewe," kasema, na sauti imemshuka. "Lakini hii lazima niripoti. Ni kazi."

Takataka si siri. Hivyo nilivyodhani. Mie mwenyewe niliyemwambia Asha si takataka!

Mkuu wa usalama kachukua kitambulisho changu. Anataka niondoke leo leo. Lamis kaingia, kafunga mlango, kauliza swali moja: unampelekea nani?

Nikapasuka. Sijui Kiarabu kilitoka wapi. Nikamwambia simpelekei mtu, ziko chini ya kitanda changu, nenda kazitazame! Nikamwambia habari ya baba na chungu chake, na king'ora, na mama wa Kihindi na wali. Nikamwambia nyinyi mmezaliwa nayo lugha hii, mnaitupa na mifupa kwa kuwa mnajua kesho mtaamka nayo. Sisi tumeletewa. Tumeipokea kwa mikono miwili, ndiyo maana hatuiweki chini. Nikalia, nikafuta pua kwa ushungi. Hasira, hofu, vyote pamoja.

Lamis kaacha kutafuna mbegu. Kasema bibi yake alikuwa akiona kipande cha mkate njiani, anakiokota, anakibusu, anakiweka juu ya ukuta. Kisha kasema nilete gunia kesho, lote, na niingie chumba cha sauti bila karatasi.

Mkuu wa usalama bado anacho kitambulisho changu.

Jumatano, 15 Oktoba

Asha kanisaidia kubeba gunia mpaka kwenye teksi. Hakununa. Kasema tu, "Waambie na mimi nilikukataza."

Lamis kanipitisha mlangoni, maana kitambulisho sina. Nimeingia chumba cha sauti mikono mitupu. Lamis kakaa ndani, mbele yangu, karibu. Kasema, nihadithie ya jana. Nikamhadithia. Mara moja tu, bila kurudia. Nilipomaliza nikatazama kioo. Yusuf kainamisha kichwa, hakusema amin.

Wamepiga picha gunia, na mikono yangu ikikunja karatasi moja. Video imetoka baada ya alasiri. Sikuweza kutazama. Nilijifungia chooni.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wanajibu, ya Rabi, wanajibu! Kijana wa Mauritania: nyanyake hufanya hivyo. Msichana wa Basra: kaenda kufungua droo ya marehemu babu yake, kakuta karatasi zimekunjwa, kumbe ndiyo maana. Mmoja kaniambia nirudi kwetu. Mwingine wa Sudan kamjibu huyo kabla yangu, kwa neno lile la Yusuf. Safari hii sikuivutia astaghfirullah.

Watu nisiowajua, wanaoongea na mie kwa lugha ya sala kama vile tumekua nyumba moja. Nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta, mikono mapajani. Sijui mtu anafanya nini na kitu kikubwa hivi.

Mkataba nimepewa. Mwaka mmoja. Pamoja na barua ya onyo, maana Lamis si mtu wa kusahau, na kitambulisho changu kutoka kwa mkuu wa usalama, bila tabasamu. Kila pipa sasa lina sanduku pembeni, Yusuf kayaandika yote: "Za Zuhura." Karatasi za gunia zimekaguliwa, habari zake zote zimeshatoka, nimerudishiwa. Brayo kalipitisha gunia mlangoni yeye mwenyewe, kichwani.

Mkataba nao ni wa Kiarabu. Nimetafuta pengine pa kuweka kikombe changu, mbali na herufi zake.

Ijumaa, 17 Oktoba

Al Wakrah, ufukweni, na Asha. Joto limepungua. Tumewasha mkaa kwenye jiko la kukodi, tukachoma karatasi kwanza, pole pole, chache chache. Mishkaki imesubiri, ikachomwa kwenye jiko jingine. Asha hakulalamika.

Jivu nimelimwaga majini.

Baba kaleta ujumbe. Mtoto wa jirani alimwonyesha video. Kasema kaitazama mara nyingi. Kaijua sauti yangu, kaijua mikono yangu. Kisha nikasikia feni ya chumbani kwake. Kasema hakufahamu nilichokuwa nasema. Maneno mawili matatu tu. Maisha yake yote kafundisha watu kuisoma lugha hii, na hajawahi kusikia mtu akimwambia kitu kwayo.

Nikadhani anakuja kunilaumu kwa kula herufi.

"Mwanangu," kasema, "ukipata nafasi nifundishe. Anzia kwenye salamu."

Nimemtumia salamu moja, kama wanavyosalimiana vijana wa ofisini. Karudisha. Kaivuta penye kuvutwa. Nimemwambia ni sawasawa.