Kabla Watu Hawajajaa

Dubai, Ijumaa baada ya chakula cha mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Mimi mwilini sijambo, namuomba Mola barua hii ikukute magoti yamepoa na ile presha imetulia. Dawa unakunywa? Usinidanganye, maana mjukuu wako anayekusomea haya nimemwagiza aniambie ukweli. Naye mwambie asome pole pole, na asiruke mahali kwa kukuonea huruma.

Najua utashangaa kupata barua na simu ipo. Haya nimejaribu kuyasema kwa simu mara mbili, nikaishia kukuuliza bei ya nazi. Kisha nyumba hii si ya kusemea mambo. Mama yake sir, tunayemwita Bibi, alizaliwa Unguja na Kiswahili anakijua kunishinda. Kwa hiyo naandika, na karatasi nitampa mwenzangu wa Al Qusais anayerudi Likoni wiki hii.

Habari zenyewe ni za Saif. Unamjua kwa picha, yule mtoto wa miaka tisa ninayemlea tangu nilipofika, huu mwaka wa nne. Hasemi, hajawahi kusema. Lakini masikio yake yanasikia kuliko ya sisi sote. Nikiwasha mashine ya kusagia jikoni, yeye huko chumbani anajifunika kwa mito. Kabla yangu walikuwa wamepita yaya watatu, wote wakashindwa. Mimi sikushindwa, na si kwa ujuzi wa shule. Ni kwamba nimekua nikimwona mjomba, na nikikuona wewe unavyokaa naye. Akichafukwa humkamati wala humsemeshi, unajilaza chini kando yake mpaka apoe. Nilifanya hivyo siku ya kwanza, madam akadhani wameletewa kichaa. Mwezi haukuisha, Saif akawa analala usiku kucha bila kupiga kichwa ukutani.

Sasa huku kuna bustani kubwa ya michezo, njia ya kwenda Abu Dhabi, karibu saa nzima kwa gari. Kuna treni zinazopanda juu na kuporomoka watu wakipiga mayowe, na kuna farasi wa bandia wanaozunguka kwa muziki. Saif aliwaona farasi hao kwenye tangazo. Basi kutwa analirudia tangazo, anaushika mkono wangu na kuuweka juu ya kioo, pale pale penye farasi mweupe. Miezi miwili hivyo. Mwisho madam akaniuliza, "Mariamu, unadhani tunaweza kumpeleka?"

Mama, katika nyumba hii nimeulizwa chumvi iko wapi, nguo ziko wapi. Nilikuwa sijawahi kuulizwa nadhani nini. Nikasema tunaweza, ila niachiwe mimi nipange.

Nikapanga. Nilipata namba ya kijana mmoja Mganda, Moses, mlinzi wa huko huko. Akaniambia, "Dada, mimi nakwambia ukweli. Saa ya kwanza geti likifunguliwa ni yenu. Saa ya pili mnaanza kugawana na watu. Saa ya tatu, hapana, usiwe ndani na huyo mtoto." Akaniambia pia kwamba kuna bangili ya karatasi wanayopewa watoto wasioweza kupanga foleni, lakini lazima barua ya daktari.

Madam alimwomba sir hiyo barua, nami nipo naondoa sahani. Sir akasema, "Mwanangu si mgonjwa. Khalas." Si mtu mbaya, mama, nakuapia. Ni mtu ambaye kila akimtazama mwanawe anatazama na nani mwingine anamtazama.

Basi ikabaki njia moja tu, kuwahi. Tukachagua Jumanne, siku ambayo watoto wengine wako shule. Nilimchorea Saif karatasi: gari, geti, farasi, farasi, gari, nyumbani. Kila asubuhi tuliipitia kwa kidole. Dereva alikwenda Al Quoz akaninunulia vile vifuniko vya masikio wanavyovaa mafundi wa kukata chuma, nami nikamzoeza Saif kuvivaa, leo dakika mbili, kesho tano. Kufika mapema, farasi mara nne, kisha kuondoka hata kama bado anacheka. Hasa kama bado anacheka. Madam aliuweka mpango wote kichwani kama mtihani.

Jumatatu jioni sir akaingia na furaha yake. Amepata nafasi Ijumaa, naye atakuja, na watoto wa dada yake kutoka Sharjah watakuja, tutakwenda wote.

Nikasema, "Sir, Ijumaa watu ni wengi sana."

"Tutawahi," akasema. "Si ndio mpango wako, kuwahi?"

Nilimtazama madam, madam akatazama meza. Bibi alinifuata jikoni, akanishika bega, akasema, "Mwanangu, mie humu ndani mtu mzima tu. Kauli sina."

Ijumaa hiyo Saif alikuwa tayari tangu alfajiri, amekaa na karatasi yake pajani. Watoto wa Sharjah walichelewa, lakini hata hivyo geti lilipofunguliwa tulikuwa katika watu wa mwanzo. Nikasema moyoni, pengine Mungu ametuhurumia.

Na saa ile ya kwanza, mama, natamani ungeiona. Mahali pote peupe, pamefagiliwa, muziki wa chini kwa chini. Saif alikwenda moja kwa moja kwa farasi mweupe kana kwamba walikuwa na ahadi. Nikampandisha, nikasimama kando yake. Mzunguko wa kwanza alikuwa ameng'ang'ania shingo ya yule farasi. Wa pili akaachia mkono mmoja. Wa tatu akacheka. Si ile sauti yake ya puani, ni kicheko hasa, cha kutoka tumboni. Nikamwona baba yake nje ya uzio amesimama na simu mkononi, hapigi picha, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Miaka tisa hakuwahi kukisikia.

Mara ya nne ilipokwisha nikamshusha Saif, nikamwonyesha karatasi: gari. Akakubali, akanipa mkono. Tulikuwa tunatoka, mama. Hatua kumi zaidi, tungekuwa tumetoka.

Sir akaja amepanua mikono. "Umeona alivyofurahi? Yalla, tumpeleke kwenye ule mchezo mkubwa, wa ndani. Binamu zake wanakwenda."

"Sir, tafadhali, tutoke sasa. Bado ana furaha."

"Ndiyo maana hatutoki."

"Sir, foleni ya kule ni ndefu, ndani kuna giza, atachoka."

Akaniangalia, si kwa hasira. Akasema taratibu, "Mariamu, ni mwanangu."

Ungenijibia nini hapo, mama? Nimetafuta jibu hilo wiki nne sasa. Ni kweli ni mwanawe. Madam alisema neno moja la Kiarabu, sir akamjibu, madam akamfuata. Nami nikafuata.

Ile foleni inapita kwenye njia nyembamba yenye uzio huku na huku, inajikunja mara nyingi kabla ya kuufikia mlango. Ukishaingia, nyuma yako wanajaa wengine, hugeuki. Watu wakaanza kumtazama Saif na vifuniko vyake. Sir akamvua, akavitia mfukoni, akampapasa nywele. Baada ya hapo Saif akaanza kujigonga kidevu kwa vidole viwili. Mimi najua maana yake. Nikasema, "Sir, tuna dakika tano." Akasema foleni inasogea.

Hazikufika tano. Alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia hata kwake, akajiuma mkono, akajitupa chini, mguu wake ukampiga mtoto mdogo wa watu. Mama wa mtoto yule akapiga kelele. Sir akamkamata mikono kwa nguvu, na hilo ndilo lililomaliza mambo. Nilipoinua macho niliona simu, mama, simu zimeinuliwa pande zote mbili za uzio.

Moses akatokea akikimbia na kofia yake. Alinijua kwa buibui na kwa mtoto. "Dada, nifanye nini?"

"Wageuze wasitazame!"

Akasimama katikati yetu na watu, akanyoosha mikono, akapaza sauti wageuke. Wengine waligeuka. Nikamwambia sir amwachie. Nilimwambia kama ninavyomwambia mtu wa rika langu, bila sir wala tafadhali, naye akaachia. Nikajilaza pale chini, juu ya maji ya soda na vumbi la viatu vya watu, uso kwa uso na Saif, nikakaa kimya. Sijui ni muda gani. Akaja akaushika ushungi wangu. Moses akafungua mlango mdogo wa wafanyakazi, tukatoka.

Nyumbani sir alipanda juu. Usiku ule ule kipande cha video kilikuwa kimeshafika kwa jamaa zao wote, na kila aliyepiga simu kumpa pole alimchoma kisu kingine.

Wiki iliyofuata madam alinikuta napiga pasi. Akasema wamepata nyumba ya watoto kama Saif, ng'ambo, mbali, analala huko huko, wataalamu watupu. Nikauliza kama nakwenda naye. Akatikisa kichwa. Wageni hawaruhusiwi, na viza yangu ni ya nyumba hii, kafeel wangu, yaani mdhamini, ni sir. Akaanza kulia, akaniomba niandike kila kitu kumhusu, wampelekee watu wa huko. Nimejaza kurasa nne kwa Kiingereza changu cha kuokota. Nimeandika chakula, maji yasiwe baridi, taa ya choo isizimwe. Nimekwama kwenye kile kidevu. Nikiandika "anajigonga", watasoma kwamba anajiumiza. Sijui kuandika kwamba anatuomba.

Wanaondoka naye Jumatano.

Mwenyewe hajui. Yeye ameshika farasi tu, yale mengine ama ameyasahau ama ametusamehe. Tangu siku ile, kila alfajiri nikitoka kuswali namkuta mlangoni amebeba viatu, ananinyooshea. Gari sina, ruhusa sina, na maneno hayamfai. Basi namvalisha. Namfunga kamba vizuri, tunakaa kizingitini tunalitazama geti mpaka jua linapokuwa kali, kisha namvua, naye ananiangalia.

Nisalimie dada mkubwa na shemeji, na jirani yetu mshonaji anayekuletea maji. Shangazi mwambie kanga nimeiona, nitampa mtu amletee. Mjomba mguse mkono tu, salamu ndefu hazipendi.

Mama, usinijibu kwamba kila jambo lina heri yake, hilo nimeshaambiwa na Bibi. Wewe umekaa na mjomba tangu mko watoto. Nijibu hili moja tu: mtu wa namna hiyo akiondolewa kwa aliyemzoea, humkumbuka? Au humtafuta bila kujua anamtafuta nani? Hapa sina wa kumuuliza.

Ni mimi binti yako,
Mariamu